Sura ya Nne: Laki Nne za Dar es Salaam

Barua ya ajira husomwa kuanzia katikati. Jina la kampuni linajulikana, cheo kinajulikana, kwa hiyo jicho linaruka hadi penye mshahara na kutulia hapo. Tumchukue mhasibu anayefanya kazi Iringa mjini kwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Kampuni ya Dar es Salaam imemwandikia barua yenye 1,200,000. Mhasibu huyu nimemtunga ili tuwe na hesabu ya kushika, na bei nitakazomwekea za kodi, nauli na chakula ni makadirio. Msomaji azifute aweke zake. Viwango vya makato, kwa upande mwingine, ni vya kweli, na tutaanza navyo kwa sababu ndivyo vinavyosahaulika kuliko vyote.

Nyongeza ni laki nne, yaani nusu ya mshahara wa zamani. Mtu yeyote akiambiwa atapata nusu ya mshahara wake juu ya mshahara wake, moyo unakubali kabla kalamu haijaandika chochote. Na hata akikaa kupiga hesabu, kwa kawaida hulinganisha bei za vitu: kodi ya huku na ya kule, kilo ya mchele huku na kule. Hapo ndipo hesabu za wahamaji wengi zinapokosewa, kwa maoni yangu, kwa sababu orodha ya vitu yenyewe haibaki ileile ukishashuka kituo cha mabasi cha Mbezi Louis na mabegi yako.

Tuanze na makato. Mwajiriwa wa sekta binafsi hukatwa asilimia 10 ya mshahara kwenda NSSF. Kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi ya mapato, ile PAYE, nayo hupanda kwa ngazi. Hadi shilingi 270,000 hakuna kodi. Sehemu inayofuata hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kisha asilimia 20 hadi 760,000, asilimia 25 hadi milioni moja, na asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi milioni. Aliyesoma chuo kwa mkopo hukatwa na Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Mhasibu wetu, kama wenzake wengi, alisoma kwa mkopo.

Kwa hiyo Iringa anakatwa 80,000 ya NSSF, 60,000 ya PAYE na 120,000 ya Bodi. Mkononi zinabaki 540,000. Dar atakatwa 120,000, kisha 152,000, kisha 180,000, na mkononi zitabaki 748,000. Laki nne za kwenye barua zimeshakuwa 208,000 na hajapanda basi bado.

Sisemi fedha hizo zimepotea. Deni la chuo litaisha mapema, na michango ya NSSF ni akiba yake mwenyewe. Ila mwenye nyumba wa Sinza hapokei michango ya NSSF.

Na mwenye nyumba ndiye anayefuata. Tuseme Iringa anakaa Kihesa, chumba na sebule chenye choo ndani, kwa 100,000 kwa mwezi. Nyumba ya hadhi hiyohiyo Sinza tuiwekee 250,000. Tofauti ni 150,000, na wengi huiandika hivyo kwenye karatasi na kusonga mbele. Lakini Tanzania kodi hailipwi kwa mwezi. Inahesabiwa kwa mwezi, inalipwa kwa miezi sita, na wapo wenye nyumba wanaotaka mwaka mzima. Juu yake dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, mbali na hela aliyoomba ya kukupeleka kuona vyumba vitatu ambavyo alijua huvitaki. "Dada, hiki kesho hukikuti," atakuambia mbele ya cha nne, na mara nyingi anasema kweli.

Miezi sita ya 250,000 ni 1,500,000. Ongeza dalali, 1,750,000. Ukiipima kwa nyongeza halisi ya 208,000, mhasibu wetu atafanya kazi zaidi ya miezi minane kabla nyongeza yake yote haijarudisha gharama ya kuingia mlangoni tu, bila lori la vyombo, bila godoro jipya, bila pazia. Na kabla miezi minane haijaisha, ya sita itakuwa imekwisha na mwenye nyumba amepiga simu.

Anayehamia Nairobi hukutana na utaratibu mwingine: kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, na anayeingia kwa kawaida hutoa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya kiasi kama hicho. Kodi ya mwezi inaweza kuwa kubwa zaidi na bado ikawa rahisi kuanza maisha. Mtu anayelinganisha Dar na Nairobi kwa kodi ya mwezi peke yake hajalinganisha kitu, kwa sababu upande mmoja atahitaji fedha ya miezi miwili na upande wa pili ya miezi saba.

Hiyo miezi saba ndiyo inayowasukuma wageni pembezoni, kuliko kodi yenyewe. Mtu anaambiwa: Sinza ya nini, nenda Kivule, Chanika, Mbagala, Bunju. Tuseme Kivule anapata chumba na sebule kwa 120,000. Miezi sita na dalali ni 840,000, chini ya nusu ya ile ya Sinza. Fedha hiyo anaweza kuipata kwa kuuza friji na kukopa kwa dada yake.

Mwaka 1964 mchumi William Alonso alieleza kwa hesabu jambo ambalo makonda wa Dar wanalijua bila hesabu: kadiri unavyosogea mbali na katikati ya mji ndivyo unavyolipa kidogo kwa ardhi na zaidi kwa safari. Swali ni kama kinachopungua kinazidi kinachoongezeka. Mhasibu wetu anafanya kazi Posta, katikati ya jiji, siku 26 kwa mwezi. Kutoka Sinza tuseme anapanda gari moja la 600, kwenda na kurudi, jumla 31,200 kwa mwezi. Kutoka Kivule anapanda magari mawili ya 700 kila upande, jumla 72,800. Jioni akishuka kituoni giza limeingia na nyumbani ni mbali na barabara, hivyo anapanda bodaboda ya 1,000, na kwa mwezi hiyo ni 26,000 nyingine. Kivule imemwokolea 130,000 za kodi, ikamrudisha 67,600 kwenye safari. Amebaki na faida ya 62,400.

Faida hiyo ameilipia kwa saa. Tukadirie kwa huruma kwamba Kivule inamwongezea saa mbili za njiani kwa siku kuliko Sinza. Kwa mwezi ni saa 52. Gawanya 62,400 kwa 52, unapata 1,200 kwa saa. Ofisini, mshahara wake wa mkononi wa 748,000 kwa saa 208 unampa karibu 3,600 kwa saa. Kwa hiyo anaamka saa kumi alfajiri kuuza saa zake kwa theluthi ya bei ambayo mwajiri wake anazinunulia. Mtu asiye na 1,750,000 mkononi hana la kuchagua, na sitamlaumu. Lakini aliyenazo akaenda Kivule kwa kuamini anabana matumizi, huyo namshauri arudie hesabu akiwa amekaa kwenye daladala Gongo la Mboto saa moja jioni, gari limesimama.

Sasa tuje kwenye chakula, ambacho ndicho watu hukiogopa zaidi na ambacho, nadhani, hakistahili hofu yote hiyo. Dar hailimi nyanya zake. Zinatoka Ilula, barabarani hapohapo ambapo basi la mhasibu wetu lilipita. Viazi vinashuka kutoka Njombe, mchele kutoka Mbeya. Bei ya soko la Mabibo ni bei ya shambani pamoja na lori, ushuru na watu wa katikati, na lori likibeba tani nyingi, shilingi zinazoangukia kwenye kilo moja si nyingi kama mtu anavyodhani. Kinachomuumiza mgeni ni kipimo. Iringa alinunua nyanya kwa sado na viazi kwa debe, akaviweka chini ya meza kwenye baridi vikakaa. Dar ananunua fungu gengeni akitoka kazini saa mbili usiku, kwa sababu joto haliruhusu akiba na soko la jumla limefungwa zamani. Mafungu ya mia tano mia tano, mwisho wa mwezi, ni nyanya zilezile za Ilula kwa bei ya mtu asiye na muda.

Halafu kuna mchana. Iringa alirudi nyumbani kula, dakika kumi na tano kwa miguu. Kutoka Posta hakuna anayerudi nyumbani kula. Anakula kwa mama lishe, tuseme sahani ya 3,000, ambayo kwa siku 26 inafika 78,000. Tukitoa 26,000 ambazo angetumia kupika chakula hicho nyumbani, ongezeko ni 52,000. Wali maharage haujapanda bei sana kati ya miji hii miwili, ila umetoka jikoni kwake ukaenda kwenye meza ya mtu mwingine.

Wataalamu wa takwimu walikutana na tatizo hili zamani. Mwaka 1871 Mjerumani Étienne Laspeyres alipendekeza njia ambayo ofisi za takwimu duniani bado zinaifuata kwa namna moja au nyingine: chukua kapu la vitu ambavyo watu walinunua mwanzoni, ulipigie hesabu kwa bei mpya. Miaka mitatu baadaye mwenzake Hermann Paasche akaligeuza: chukua kapu la sasa, ulirudishe kwenye bei za mwanzo. Wao walikuwa wanalinganisha miaka, lakini njia hufanya kazi vilevile kwa miji, na majibu mawili huwa hayafanani. Ukilibeba kapu la Iringa ukalinunua Dar, ukiacha kodi, utaona maisha yamepanda kidogo tu. Ndani yake hamna daladala 52 za mwezi, hamna sahani 26 za mama lishe, hamna feni. Ukilibeba kapu la Dar ukalinunua Iringa utaona Iringa ni rahisi ajabu, maana nusu ya vitu vyake Iringa usingevihitaji. Mhamaji hupiga hesabu ya kwanza kwa sababu ndiyo pekee anayoweza: anajua alichokuwa ananunua, hajui atakachokuja kununua.

Ndiyo maana takwimu za mfumuko wa bei hazimsaidii. Ofisi ya Taifa ya Takwimu huzitoa kila mwezi, na mtu anaweza kudhani zitamwambia Dar ni ghali kiasi gani. Hazisemi hivyo. Zinalinganisha bei za leo na za mwaka jana, na mfumuko unaweza kuwa mdogo katika mji ambao ni ghali tangu zamani.

Orodha za kimataifa za miji ghali nazo zina kapu lake. Kampuni ya Mercer hupima zaidi ya bidhaa na huduma 200 katika miji mingi, na mwaka 2017 mji uliokuwa juu ya orodha yake ulikuwa Luanda, mbele ya Hong Kong na Tokyo. Msomaji aliyewahi kuona picha za mitaa ya Luanda atashangaa. Kapu la Mercer ni la mfanyakazi wa kigeni anayehamishwa na shirika lake: nyumba yenye ulinzi, vyakula vilivyozoeleka kwao, vingi vikishushwa bandarini kwa bei za uchumi wa mafuta. Mwenyeji wa Luanda anayekula funge na samaki hakuwa kwenye hesabu hiyo. Tovuti zinazokuambia Dar ni asilimia kadhaa juu ya mji fulani zina tatizo la aina hiyohiyo, kwa sababu aliyejaza bei huenda anakaa Masaki.

Kuna vitu ambavyo Dar ni rahisi kuliko Iringa. Gesi ya kupikia inashushwa bandarini, hivyo mtungi unaosafirishwa hadi nyanda za juu hubeba nauli yake. Simu, vyombo, nguo na mitumba Kariakoo vinauzwa kwa bei ambazo muuza duka wa Iringa mwenyewe ndizo anazozifuata akienda kufunga mzigo. Mafuta ya gari ndiyo mfano mzuri zaidi, kwa sababu EWURA hutangaza kila mwezi bei kikomo kwa kila eneo: lita ya petroli Dar huwa chini kuliko Iringa. Mji wenye mafuta ya bei ndogo ndio unaomla mtu nauli kubwa, kwa sababu ya umbali. Jiji ambalo sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728 mkoani mwake halivukiki kwa miguu.

Umeme una mtego wake. Bei ya yuniti ni moja nchi nzima, kwa hiyo kwenye orodha ya kulinganisha miji haupo kabisa. Lakini TANESCO ina bei ya nafuu kwa nyumba zenye matumizi madogo, yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, na bei ya kawaida ambayo inakaribia mara tatu ya hiyo. Kihesa, mpangaji na mita yake, taa nne na pasi, blanketi usiku, anabaki kwenye nafuu bila kujua kwamba ipo. Dar wapangaji wanne wako kwenye LUKU moja. Kila mmoja ana feni inayozunguka usiku kucha, wawili wana friji, na kwa pamoja 75 wanaipita mapema. Kila mmoja peke yake angekuwa mtumiaji mdogo. Wakiwa wanne ni mtumiaji mkubwa, wanachangishana, na ugomvi wa nani ana friji haujawahi kuisha katika nyumba yoyote ninayoifahamu.

Maji ni hivyohivyo. Kwenye nyumba nyingi kisima kinatoa maji ya chumvi ya kufulia, ya kunywa yananunuliwa kwa dumu, na pakitokea shida, kama mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua jiji likaingia kwenye mgao, boza linapanga bei yake. Kwa umeme na maji pamoja tumwongezee mhasibu 40,000 kwa mwezi.

Liko fungu moja ambalo halipo kwenye tovuti wala kwenye sensa. Mama yake yuko Kalenga. Kabla ya barua ile alikuwa anatumiwa kidogo kidogo na kuletewa sukari mwisho wa wiki. Sasa simu inaanza hivi: "Mwanangu, si uko Dar sasa?" Kaka anataka ada ya mtoto. Kamati ya harusi ya binamu imempandishia mchango, kwa kuwa kadi ya mtu wa Dar haiwezi kuwa sawa na ya mtu wa Iringa. Mpwa anakuja kutafuta kazi na atafikia kwake, kwa muda, ambao haujatajwa. Na yeye mwenyewe akienda msibani sasa analipa basi kwenda na kurudi, wakati zamani alikuwa anachukua bajaji. Sijui mwanauchumi aliyewahi kuliweka hili kwenye kapu, nami naliweka kwa 30,000 tu, nikijua wasomaji wengi watanicheka kwa udogo wake.

Tujumlishe, tukimweka Sinza. Kodi imeongezeka 150,000, nauli 31,200, chakula cha mchana 52,000, umeme na maji 40,000, nyumbani 30,000. Jumla ni 303,200. Nyongeza yake ya mkononi ilikuwa 208,000. Amepandishwa mshahara kwa nusu na kila mwezi anapungukiwa 95,200 ili tu aishi kama alivyokuwa anaishi.

Aombe kiasi gani, basi? Wengi wangesema aombe 95,200, au laki kamili. Haitoshi. Amekwisha kuingia ngazi ya asilimia 30. Katika kila 100,000 atakayoongezewa, 10,000 inakwenda NSSF, 15,000 Bodi ya Mikopo, na 90,000 inayobaki baada ya NSSF inatozwa kodi ya 27,000. Mkononi inafika 48,000. Pengo la 95,200 linahitaji nyongeza ya laki mbili. Kwa bei tulizoziweka, 800,000 ya Iringa inalingana na 1,400,000 ya Dar es Salaam, na faida ya kuhama inaanza kuhesabiwa juu ya hapo.

Mwajiri anaweza kukataa, na mara nyingi atakataa, kwa kuwa ngazi zake za mishahara ameshazipanga. Serikali ya Kenya kwa watumishi wake imelitatua kwa posho ya nyumba inayotofautiana kulingana na mahali, Nairobi ikiwa juu. Kampuni binafsi ya Dar haina sababu ya kufanya hivyo. Ila kuna mambo mawili ambayo kwake ni mepesi na kwa mhasibu ni mazito. La kwanza ni mkopo wa mshahara usio na riba wa kulipia kodi ya miezi sita, ukatwe kidogo kidogo mwaka mzima. Huo ndio unaoamua kama atakaa Sinza au Kivule, kuliko hata zile laki mbili.

La pili ni mstari mmoja kwenye mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba mkataba ukikoma mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri anapaswa kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi huko alikoajiriwa, au kumlipa gharama za safari hiyo, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Mikataba mingi huchapwa kutoka kwenye nakala moja, na penye mahali pa kuajiriwa huwa pameshaandikwa Dar es Salaam. Aombe pafutwe paandikwe Iringa, kabla ya kusaini.